Isiolo imeongezeka kwa asilimia 87 katika miaka 10: ni uzazi, uhamiaji au namna ya kuhesabu?

Mwalimu wa Jiografia:

Ndugu zangu, ninafundisha Jiografia katika kidato cha tatu, na juma lililopita niliwapa wanafunzi wangu takwimu za sensa ya mwaka 2009 na ile ya 2019 za kaunti za kaskazini mwa Kenya ili wakokotoe kasi ya ongezeko la watu. Majibu waliyoniletea yameninyima usingizi. Isiolo ilikuwa na watu 143,294 mwaka 2009, na miaka 10 baadaye ikawa na watu 268,002, yaani ongezeko la asilimia 87. Marsabit ilitoka 291,166 ikafika 459,785. Turkana nayo ilisogea kutoka 855,399 hadi 926,976, ongezeko la asilimia 8 tu, ilhali Mandera ilishuka kutoka 1,025,756 hadi 867,457. Katika muda huo huo nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 23.

Mwanafunzi mmoja akaniuliza: "Mwalimu, hawa wote ni wafugaji, ukame unaowapiga ni mmoja, iweje kaunti moja ikaribie kuongezeka maradufu na nyingine ipungue?" Nilimwambia nitamjibu Jumatatu. Kitabu cha kiada kinasema kwamba ongezeko hutokana na waliozaliwa, ukatoa waliokufa, ukajumlisha waliohamia na kutoa waliohama. Nimejaribu kuzipitisha takwimu hizi katika kanuni hiyo na hazipiti. Nitashukuru kwa msaada wa yeyote anayelifahamu eneo hilo au elimu ya idadi ya watu.

Mchambuzi wa takwimu:

Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa penyewe, na anastahili jibu kamili.

Tuanze na uzazi, kwa sababu ndiko watu wengi hukimbilia. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Turkana, kwa viwango vya wakati ule, angejifungua wastani wa watoto 6.9 maishani mwake, wa Marsabit 5.0 na wa Isiolo 4.9. Kama uzazi ndio ungekuwa chanzo cha tofauti hizi, Turkana ingetangulia na Isiolo ingefuata nyuma, lakini takwimu zako zinaonyesha kinyume kabisa. Tena ongezeko la Isiolo ni sawa na asilimia 6.5 kila mwaka, na hata pale ambapo wanawake huzaa sana na vifo vya watoto vimepungua, ni nadra kuzaliwa peke yake kuipandisha idadi ya watu kwa zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka. Kinachozidi hapo kina asili nyingine.

Asili ya kwanza ni sensa ya 2009 yenyewe. Matokeo yake yalipotangazwa tarehe 31 Agosti 2010, Waziri wa Mipango wa wakati huo, Wycliffe Oparanya, aliyafuta matokeo ya wilaya 8 (mgawanyo wa utawala uliokuwapo kabla ya kaunti): tatu za Turkana, tatu za Mandera, pamoja na Lagdera na Wajir Mashariki, kwa hoja kwamba ongezeko lililoonekana huko lilipita kiasi kinachoweza kuelezwa na kuzaliwa na kufa. Mandera ilikuwa na watu 250,372 mwaka 1999, na kwa hesabu ile ikawa imeongezeka mara nne katika miaka 10. Suala hilo lilifika mahakamani, na takwimu hizo zimeendelea kuonekana katika majedwali mengi bila maelezo yoyote pembeni, ndiyo maana wanafunzi wako wamezichukua kama zilivyo. Kwa hiyo "kupungua" kwa Mandera si ushahidi kwamba watu laki moja na nusu walitoweka, wala asilimia 8 ya Turkana haimaanishi kwamba akina mama wa huko waliacha kuzaa.

Waambie wanafunzi wairuke sensa ya katikati, walinganishe mwaka 1999 na 2019. Turkana ilitoka 450,860 ikafika 926,976, ambalo ni ongezeko la takriban asilimia 3.7 kwa mwaka, kiwango ambacho uzazi wa juu unaweza kukieleza bila kutafuta sababu ya ziada. Isiolo ilitoka 100,861, na kasi yake inakuwa asilimia 5 kwa mwaka. Marsabit, ukijumlisha wilaya za zamani za Marsabit na Moyale, inapata watu 174,957 kwa mwaka 1999, na kasi yake ni karibu sawa na ya Isiolo. Kaunti hizi mbili bado zinadai maelezo zaidi ya uzazi, ila kitendawili kimepungua sana. Mandera inabaki juu ya asilimia 6, na hapo ninasita, hasa kwa kuwa mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa ilibatilisha matokeo ya sensa ya 2019 ya Mandera, Wajir na Garissa.

Wanafunzi wafahamu pia kwamba takwimu hizi zina uzito wa fedha na wa uwakilishi. Fomula mbili za kwanza za kugawia kaunti mapato ziliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, na mipaka ya maeneobunge huchorwa kwa kutazama idadi hiyo hiyo. Sisemi kwamba kila mzee wa kijiji aliongeza majina. Ninachosema ni kwamba eneo lililosahaulika kwa miongo mingi lilikuwa na kila sababu ya kutaka kuonekana.

Karani wa sensa, Marsabit:

Mwalimu, nilikuwa karani wa sensa mwaka 2019 upande wa magharibi wa Marsabit, kuelekea jangwa la Chalbi, na ninaomba niyaongezee maelezo ya ndugu yetu hapo juu yale niliyoyaona kwa macho.

Swali letu la msingi lilikuwa: nani alilala katika boma hili usiku wa tarehe 24 Agosti kuamkia tarehe 25? Mjini swali hilo ni jepesi. Katika boma la wafugaji ni zito, kwa sababu familia moja huwa imegawanyika. Wazee, akina mama na watoto wadogo hubaki karibu na maji na shule, nao vijana huwa mbali na ngamia katika kambi za malisho zinazoitwa fora, ambazo huhama kila mvua inaponyesha kwingine. Nilimkuta mama mmoja ameketi kivulini mwa nyumba yake ya mikeka, nikamwuliza waliolala pale. Alinitajia wana wanne kwa kuwahesabu kwenye vidole, na kila mmoja alimtaja pamoja na mwaka wa ukame aliozaliwa, nami nikawa natafuta umri katika kalenda ya matukio tuliyopewa. Nilipomwuliza wako wapi, akanyoosha mkono kuelekea kaskazini. Hakuna hata mmoja aliyelala pale. Kwake yeye halikuwa jambo la kudanganya, maana mwana aliye fora ni wa boma lake hata akikaa huko miezi minane. Nilikuwa na kishikwambi chenye maswali yaliyoandaliwa Nairobi, na ilinibidi nimweleze mama yule kwa nini wanawe wangehesabiwa na mtu mwingine mahali ambapo hata yeye hapajui.

Kijana wa fora anaweza kuhesabiwa mara mbili, na anaweza asihesabiwe kabisa. Waambie wanafunzi watazame pia jinsia. Nchini kote wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume mwaka 2019, lakini Garissa walihesabiwa wanaume 458,975 na wanawake 382,344, na huku kwetu Marsabit wanaume 243,548 na wanawake 216,219. Kwa maoni yangu, sehemu ya tofauti hiyo inatokana na namna familia inavyowataja watu wake: mwana hutajwa hata akiwa mbali, ilhali binti aliyeondoka hutajwa kwa nadra.

Hata hivyo, nisingependa mwanafunzi wako aondoke akidhani kwamba ongezeko la Marsabit ni la karatasi. Vijiji kama Korr na Kargi vilianza kukua wakati wa ukame wa miaka ya 1970, watu walipokusanyika penye visima na msaada wa chakula, na kila ukame uliofuata umewaacha wengine hapo. Aliyepoteza mifugo yake yote harudi malishoni mvua ikinyesha, kwa sababu hana cha kurudi nacho. Watu wa aina hiyo ni rahisi kuhesabika kuliko baba zao waliokuwa wakihama, na hilo pekee huipandisha idadi hata kama hakuna mtoto aliyezaliwa.

Mkaazi wa Isiolo:

Upande wa Isiolo, uhamiaji unaonekana barabarani. Kabla ya lami kufika Moyale, mpakani na Ethiopia, safari ya kwenda huko ilikuwa ya siku mbili au tatu juu ya lori la ng'ombe, na mji wetu ulikuwa mahali ambapo lami iliishia. Barabara ilipokamilika, Isiolo ikawa njia panda ya kaskazini yote. Wamekuja wafanyabiashara kutoka Meru na Moyale, watumishi wa serikali ya kaunti iliyoanza kazi mwaka 2013, na familia zilizofiwa na mifugo kutoka Merti na Garbatulla, ingawa hizi ni za kaunti hii hii. Hapa pia pana kambi na vyuo vya jeshi, ambavyo huongeza wanaume wasio na familia zao.

Waliozaliwa hapa wamebadilishiwa mji. Mtaani kwetu Bulla Pesa, ua uliokuwa na nyumba moja na zizi la mbuzi sasa una vyumba saba vya kupanga, na bomba linalouhudumia ni lile lile. Maji yakifunguliwa alfajiri, mitungi huwa imepangwa tangu usiku, kila mmoja na alama ya mwenyewe. Msongamano wa kaunti nzima ni watu 11 tu kwa kilomita ya mraba, na anayesoma takwimu hiyo akiwa mbali hudhani tuna nafasi tele. Nafasi ipo, mwalimu, ila maji yako mahali pachache, na watu wako penye maji.

Mwalimu wa Jiografia:

Nimewashukuru sana, na kesho nitawapa wanafunzi takwimu za 1999. Nimebaki na swali moja kwa ndugu Karani: binti aliyeondoka, ambaye familia yake haikumtaja, alihesabiwa wapi?

Karani wa sensa, Marsabit:

Ikiwa ameolewa, alipaswa kuhesabiwa kwa mumewe, na mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Wengi wa mabinti niliowaulizia, hata hivyo, walikuwa wamekwenda kufanya kazi za nyumbani Marsabit mjini, Isiolo au Nairobi. Huko hesabu ya binti ilimtegemea mwenye nyumba, kama alikumbuka kumtaja karani alipobisha hodi.