Tupeane uzoefu: Kutembezwa Mji Mkongwe na mwongozaji wako mwenyewe

Kibarazani
Wakuu, salaam. Nimekutana na picha ya zamani ya Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani pale Mji Mkongwe wa Unguja, kabla upande wake haujaporomoka Desemba 2020, nikamkumbuka mzee aliyetutembeza mimi na mume wangu. Kwenye mlango mmoja kule Kiponda alisimama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, akashuka mpaka kwenye samaki na mawimbi, kisha akagonga misumari ya shaba na kutueleza kwamba mtindo ule umetoka India, kwenye tembo wa vita. Nilikuwa nimepita mbele ya milango ile miaka yote bila kuiona. Hela yangu ilikwenda halali. Nyie mmekutana na nini?

Mpemba wa Wete
Papasi ndio balaa. Unashuka boti Malindi, mguu haujakanyaga vizuri, tayari wamekuzunguka na kila mmoja ni "gaidi", yaani mwongozaji. Kwanza aonyeshe kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Hana? Salimia, pita.

Shemeji wa Darajani
Kweli tupu.

Bint Ujiji
Uzi huu umenirudisha mbali. Nilimpeleka mama yangu. Kwetu ni Ujiji, na mama alilelewa na bibi yake, ambaye alikuwa akimsimulia misafara iliyopita pale kwenda Tabora mpaka Bagamoyo, watu wamefungwa shingo kwa shingo na pembe za ndovu begani. Mama hakuvuka bahari kwa ajili ya kula urojo Forodhani. Alitaka kuona walikofikishwa.

Hoteli tuliyofikia ikatutafutia kijana. Njia nzima yuko kwenye simu. Tukafika Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana palipokuwa soko la watumwa, tukashuka vile vyumba vya chini. Dari iko chini mpaka unainama, hewa nzito, mwanga unapenya kwenye vitundu vyembamba juu. Mama akakaa ukingoni mwa ile sakafu ya mawe, kimya. Yule kijana akamwambia, "Bi mkubwa, jilaze hapo nikupige picha, wageni wote wanalala." Kisha akaukamata mnyororo, akautikisa, akamnyooshea kidole mdogo wangu: "Haya, huyu bei gani?" Wageni waliokuwa nyuma yetu wakacheka.

Mama akasimama. Akasema, "Mwanangu, hao unaowachezea ni watu." Akapanda ngazi.

Nilimkuta nje kwenye shimo la sanamu, wale watano wenye minyororo shingoni, analia kwa sauti kama yuko msibani. Na kijana huyo nyuma yetu anadai hela yake yote, tena kanishika mkoba! Mlinzi ndiye aliyemwondoa. Kuna mama mmoja wa pale pale kanisani alituingiza ndani, akatuonyesha msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo kule Zambia, mahali ulipozikwa moyo wa mmisionari Livingstone, na lile duara la marumaru karibu na madhabahu, ambapo inasemekana palikuwa na mti wa kuchapia watu. Mama yangu ni Muislamu. Aliomba dua yake pale na hakuna aliyemgusa.

Shemeji wa Darajani
Pole sana dada. Nimeshindwa hata kunywa chai.

Mwalimu Mstaafu
Pole, binti. Ila niseme jambo ambalo waongozaji wengi hawalisemi: jengo lililo juu ya vyumba vile lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Wapo wanahistoria wanaosema havikuwa vyumba vya watumwa.

Mtu wa Kigoma
Mwalimu, mwenzako anakueleza machozi ya mama yake, wewe unaleta ramani ya jengo? Kwa hiyo hata soko halikuwepo?

Mwalimu Mstaafu
Soma nilichoandika. Soko lilikuwa pale pale, na kanisa limesimama juu yake. Sultani Barghash alitia saini Juni 1873 soko likafungwa, na utumwa wenyewe ukaendelea kuwa halali Unguja hadi 1897. Hayo yanatosha kumliza mtu, hayahitaji kuongezwa chumvi. Mama yule alistahili ukweli, akapewa maigizo.

Mtu wa Kigoma
Hapo sawa. Lakini ungeanza na hilo.

Mjukuu wa Malindi, Maskati
Bibi yangu kazaliwa Malindi, nami nimekulia huku. Niliporudi sikukodi mtu. Nilikaa Jaws Corner, nikaagiza kahawa, nikataja jina la babu. Wazee wakanitembeza wenyewe mpaka mlangoni kwetu. Msikodi, kaeni barazani.

Mpemba wa Wete
Sheikh, wewe una babu wa kumtaja. Wa kutoka Singida ataje nani?

Nyali Mwenyewe
Mombasa pia, Fort Jesus. Wetu alijua kuzingirwa kwa 1696 hadi 1698 utadhani alikuwamo ngomeni. Ila hakutaja bei mwanzo, mwishoni ikawa vita vya pili.

Shemeji wa Darajani
Mtihani wangu ni huu: muulize vita vya Waingereza na Zanzibar vya Agosti 1896 vilichukua muda gani. Havikufika saa nzima. Akikwambia siku tatu, mshukuru ukanywe juisi ya miwa.

Kibarazani
Na anayelipa tiketi za kuingilia ajulikane kabla hamjaondoka. Bint Ujiji, mama anaendeleaje?

Bint Ujiji
Mzima, alhamdulillahi. Nimemsomea maneno ya Mwalimu. Kanyamaza, halafu kaniambia anataka kurudi, ili amuulize huyo Mwalimu mambo.

Mwalimu Mstaafu
Mlete. Tuanze asubuhi kabla jua halijawa kali. Kwake sichukui kitu.

Mtu wa Kigoma
Na mimi niwekeni, nakuja na watoto. Kwangu bei ni kwa kichwa au kwa kundi?