Naomba ushauri: picha ndogo ya Kiajemi kutoka Isfahan

Assalamu alaykum ndugu zangu. Marehemu ami yangu aliniachia picha ndogo ya Kiajemi aliyoinunua sokoni Isfahan, Iran: wapanda farasi wanacheza polo, rangi na dhahabu, na pembeni jina la Reza Abbasi. Huyo ni mchoraji wa enzi za Shah Abbas, mfalme wa Uajemi, alifariki 1635, na sahihi yake hughushiwa mno, kwa hiyo sina tamaa ya utajiri.

Kinachonitatiza ni karatasi. Nyuma kuna maandishi ya Kiarabu, nahau (sarufi) tupu, hayahusiani kabisa na polo. Nimetazama kwa lenzi, na upande wa picha nao herufi zinachungulia chini ya rangi. Nashuku ni karatasi kuukuu iliyochorwa juu juzijuzi kwa ajili ya watalii. Tena rangi ya kijani ya zamani, iliyotengenezwa kwa shaba, hula karatasi na kuacha doa la kahawia nyuma, lakini huku nyuma sioni doa lolote.

Fundi fremu hapa Unguja anataka kuibandika ubaoni kwa gundi, nimemwambia asubiri.

Je, kuna namna ya kutambua rangi za kisasa bila kuikwangua? Na kwa unyevu huu wa pwani, niitie vipi kwenye fremu isiote ukungu?