Gobore langu la fataki linataka nyundo mara mbili ndipo lilie. Naomba msaada

Mjukuu wa Kaliua:

Habari za humu wakubwa. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Niko Ohio. Mwanzoni mwa Januari huku kuna siku chache ambazo mtu anaruhusiwa kuwinda kulungu kwa bunduki ya kushindilia mdomoni. Mwaka juzi nilinunua mkononi mwa mtu gobore la .50 (tundu la nusu inchi), la mtindo ule wa ndugu Hawken wa St. Louis: mtutu mzito wa pembe nane, triga mbili, nyundo kubwa ubavuni. Sikulinunua kwa kuwa zuri tu. Babu yangu kule Kaliua alikuwa na la kwake, lenye kibali, la kulindia mahindi yasiliwe na nguruwe pori, na mimi ndiye niliyekuwa nambebea kimfuko cha fataki, vile vikofia vya kulipuka vinavyopigwa na nyundo. Baruti nyeusi ikinuka, namwona babu.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Kumepambazuka, theluji imeganda inalia chini ya buti. Kulungu jike akatokea kwenye mabua ya mahindi, hatua arobaini hivi. Nikapandisha nyundo, nikavuta triga ya nyuma, ya kutegea, ikalia kach, nikagusa ya mbele, ya kufyatulia. Ta! Kimya. Fataki iko palepale, imebonyea tu. Yule kulungu akainua kichwa, akasimama. Nikapandisha tena, nikagusa: ta... shhh... puu. Hiyo "shhh" ilinitosha kuinua shavu kwenye kitako. Risasi ikaenda juu ya mgongo wake, naye akapotea.

Nyumbani nilipitisha mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka kwenye alama ya "tupu" kuhakikisha hamna kitu ndani, kisha nikajaribu fataki kumi bila baruti. Nne zililia mara ya kwanza. Tano zilitaka nyundo ya pili. Moja nyundo haikufika kabisa, ilinasa katikati, kwenye jino la nusu, lile la kuisimamisha nyundo kabla haijapanda yote.

Fataki ni namba 11. Baruti nyeusi FFg (ya punje za wastani), greni 70 kwa uzito, risasi ya duara ya inchi 0.490, kitambaa cha kuifungia cha unene wa inchi 0.015. Mwezi wa kumi na moja nilifungua mtambo (vyuma vya ndani vinavyoendesha nyundo), nikaosha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, nikapaka mafuta ya kutosha, nikakaza kila kitu barabara, nikalisimamisha kabatini, huko chini ya nyumba. Dukani wananiambia springi kuu imechoka, au niachane nalo ninunue la kisasa. La kisasa silitaka. Nataka hili lilie.

Jirani wa Kentucky:

Pole sana ndugu. Mimi naanzia kwenye fataki. Ikilia kwa nyundo ya pili mara nyingi ni kwamba haikukaa chini: nyundo ya kwanza inamalizia kuisukuma, ya pili ndiyo inayoipiga. Isukume kwa kijiti mpaka ikome. Ikicheza, jaribu namba 10.

Mjukuu wa Kaliua:

Asante ndugu. Haichezi hata kidogo. Inabana, mpaka naisukuma kwa nguvu ya dole gumba.

Mzee wa Inyonga:

Mjukuu, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba.

Kabla ya dawa, onyo. Nyundo ikishapiga na bunduki isilie, usiiguse. Mdomo ubaki ulikoelekea, uhesabu dakika nzima, hata mbili. Umesema ulipandisha nyundo papo hapo kwa sababu mnyama alikuwa bado amesimama. Cheche inaweza kuwa inafuka kwenye njia ya kifa, kile kichuma chenye tundu kinachovikwa fataki, na wewe unageuza mtutu uchungulie. Kulungu mwingine atatokea. Jicho halitoki jingine.

Sasa, wewe una magonjwa mawili na umeyaweka kapu moja.

Ile "ta, shhh, puu" ni mafuta. Uliisimamisha bunduki mdomo juu tangu mwezi wa kumi na moja. Mafuta yote uliyopaka yameteremka mpaka mwisho wa mtutu, yakakaa kwenye ile njia nyembamba ya kutoka kwenye kifa kwenda kwenye baruti. Ukaja kumwaga baruti juu yake. Punje za chini zikawa uji. Moto wa fataki unapita pale unatambaa badala ya kuruka. Bunduki ya kushindilia huwekwa mdomo chini, juu ya kitambaa, mafuta yatokee mdomoni. Na asubuhi ya kutoka, kabla hujatia baruti, pitisha vitambaa vikavu kwa mdeki mpaka kimoja kitoke kikavu kama ulivyokiingiza. Zibua kifa kwa sindano yake. Halafu vika fataki, elekeza mdomo chini kwenye jani kavu, uache nafasi ya shibiri moja, ufyatue. Jani likiruka, njia iko wazi. Likitulia, usishindilie, rudi kwenye sindano. Nikiona jani limeruka huvika fataki ya pili na kufyatua tena, kukausha unyevu uliobaki.

Ya nyundo ni kesi nyingine. Hapa naomba unijibu jambo moja. "Nikakaza kila kitu barabara," skrubu ya mtambo ulikaza kiasi gani? Ile ndefu inayopenya mbao kutoka upande wa pili. Ukiikaza kupita kiasi inauvuta mtambo ndani ya mbao, vyuma vya ndani vinasugua, nyundo inafika kwenye kifa imeshaishiwa nguvu. Na mbao iliyokaa mahali pa unyevu inavimba, ndiyo inazidi. Legeza nusu mzunguko, jaribu. Nimeona watu wakiuziwa springi mpya kwa bunduki iliyokuwa imebanwa na mbao tu.

Ukitaka kuona kwa macho, weka nyundo kwenye jino la nusu ili isikwame kwenye kifa, legeza skrubu mizunguko michache, igonge kichwani taratibu kwa mpini wa bisibisi, mtambo utatoka wenyewe. Usiuchokonoe kwa bisibisi pembeni, utapasua mbao. Washa mshumaa, pitisha vyuma vya ndani juu ya moshi wake vishike masizi mepesi. Rudisha mtambo, pandisha nyundo na uishushe mara tatu huku umeishika kwa kidole, usiiachie. Toa tena. Mbao yenyewe itakuonyesha alama nyeusi inapogusa.

Mama Zawadi:

Shikamoo mzee. Masizi ni sahihi kabisa, hata kiwandani kwetu tunatumia rangi kwa njia hiyohiyo.

Kaka wa Kaliua, mimi ni fundi wa mashine na ninapiga shabaha kwa magobore mwaka wa sita huu. Naongeza mawili.

La kwanza, hiyo fataki "inayobana". Ibane vipi kwenye kifa ambacho namba 11 ndiyo saizi yake? Kitazame kwa lenzi. Bunduki ya kununua mkononi mara nyingi mwenyewe wa awali alikuwa akiachia nyundo kavu, bila fataki, chuma kwa chuma, na ncha ya kifa inapanuka kama kichwa cha patasi kilichopigwa nyundo miaka. Fataki inakwama pale juu, wewe unahisi imekaa. Kwa hiyo jirani wa Kentucky hakukosea. Badilisha kifa, ni dola chache, lakini pima uzi wake kwanza: za Marekani nyingi ni robo inchi yenye meno 28 kwa inchi, za Italia na Hispania ni milimita 6, na kuna wa hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 0.75 na wa hatua 1. Usilazimishe usio wake, utaharibu uzi wa mtutu. Paka grisi ya uzi kidogo kabla ya kukifunga.

La pili, nyundo kunasa katikati. Hapo hamna springi wala mbao. Kipande cha mviringo kinachozungushwa na nyundo kina meno mawili, la nusu na la mwisho. Kwenye mtambo wa triga mbili, triga inauchapa ulimi, kile kichuma kinachoshika meno hayo, na kuuachia hapohapo, kwa hiyo nyundo ikiwa inashuka ulimi unaweza kuangukia jino la nusu. Kuzuia hilo, kuna kichuma kidogo kama punje ya mchele kinachozunguka na kuliziba jino la nusu nyundo inapopita. Mafuta yakikauka kinaganda, na siku moja moja kinachelewa. Safisha kwa spiriti, kichezecheze kwa ncha ya sindano mpaka kianguke chenyewe kwa uzito wake. Fungua juu ya kitambaa cheupe, kikidondoka sakafuni hukioni tena.

Na tafadhali, usiguse meno hayo kwa tupa. Jino la nusu likishindwa kushika, nyundo inaanguka mkononi mwako na bunduki imeshindiliwa. Hiyo ni kazi ya fundi wa bunduki.

Hiyo "shhh" inauma, naijua. Mchungaji Alexander Forsyth wa Uskoti alichukua hataza ya moto wa kugonga mwaka 1807 kwa sababu hiyohiyo: kwenye gumegume, bunduki za kuwashwa kwa jiwe, ndege walikuwa wanauona mwako wanaruka kabla risasi haijatoka.

Mjukuu wa Kaliua:

Shikamoo mzee wangu, na asante dada. Jana nilikaa mezani tangu saa mbili usiku mpaka saa sita.

Skrubu ya mtambo nilikuwa nimeikaza kama nati ya gurudumu. Nilipolegeza nusu mzunguko tu, nyundo ilibadilika mlio, ikashuka kwa "tak" moja fupi badala ya ule mlio wa kukokota. Masizi yameacha alama nyeusi mahali pamoja, nyuma, ulimi unapochezea ndani ya mbao, upana wa punje ya mtama. Nimekwangua kwa kisu kidogo kidogo, nikarudia mshumaa mara nne mpaka alama ikatoweka, nikapaka mafuta ya kitani kwenye mbao mbichi.

Kile kichuma nimekiona. Kilikuwa kimezama kwenye utomvu wa kahawia, kimesimama hakitikisiki. Sasa kinaanguka chenyewe.

Kifa ndicho kilichonishangaza. Kwa lenzi ya mke wangu ya kushonea, ncha yake imekunjamana nje pande zote. Miezi yote hii fataki zilikuwa zimekaa juu ya ukingo. Nimefunga kipya, milimita 6 hatua 1, na namba 11 zilezile zinateremka mpaka chini bila kubanwa.

Mzee wa Inyonga:

Marahaba mjukuu. Umeilisha baruti sasa?

Mjukuu wa Kaliua:

Nimetoka uwanjani sasa hivi, mzee. Jani la mwaloni liliruka mara mbili kabla sijatia baruti. Nikapiga kumi na mbili, nikipitisha kitambaa chenye mate kila baada ya mbili. Zote nyundo moja. Sauti ya fataki sijaisikia hata mara moja, inamezwa na puu. Ya tatu tu ilichelewa kidogo sana, nikasubiri bila kusogeza mtutu, halafu nikazibua kifa kwa sindano, isijirudie.

Nimeliosha, nimelikausha, safari hii mafuta kidogo tu. Nimelihamishia kwenye kabati la juu, limefungwa kwa ufunguo, mdomo chini juu ya kipande cha kanga kuukuu. Kanga imeshaanza kuonyesha duara la mafuta.