Tupeane uzoefu: Wapiga picha za mnato mlioongeza video, ilikuwaje?

Mleta mada (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpiga picha za mnato, mwaka wa kumi na moja huu, na harusi na sendofu ndiyo shamba langu.

Juzi niliitwa kwenye kikao cha kamati ya harusi. Nimekaa nje kwenye benchi nyuma ya mtu wa mapambo, zamu yangu ikafika. Mwenyekiti akafungua daftari la bajeti, nikachungulia: "Picha na video", fungu moja, laki kumi na mbili. Akaniuliza, "Video unapiga?" Nikajibu kama ninavyojibu siku zote, "Nina kijana wangu wa video, nitaongea naye." Mweka hazina, mama mmoja wa miwani, akanikata hapohapo: "Baba, sisi tunataka mtu mmoja wa kumpigia simu."

Kazi ikaenda kwa mtu wa video, na picha za mnato akampa mdogo wake azipige. Nimeziona. Bibi harusi yuko vizuri, kichwa cha mama yake kimebaki nje ya fremu. Hii ni mara ya tatu mwaka huu kunyang'anywa kazi namna hii.

Kinachoniuma zaidi, kamera yangu ya akiba ni Canon 5D Mark II, ile iliyotoka 2008 watu wakaanza kutengenezea video za muziki kwa kamera ya picha. Nimekaa nayo miaka yote hiyo na kitufe cha video nimekibonyeza kwa bahati mbaya tu.

Naomba yaliyowakuta ninyi wenyewe. Mliingiaje, nini kiliwatoa jasho, na hela inaonekana?

Kutoka Mwanza

Mkuu, mimi niliingia kichwakichwa. Niliwaambia kamati video napiga, na kwa kweli nilikuwa sijawahi.

Kosa la kwanza: mazoea ya picha. Mtu akisimama peke yake mkono unageuza kamera wima wenyewe. Nimerudi nyumbani nafungua kwenye kompyuta, bwana harusi kalala ubavu.

La pili ni shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga. Nimezoea 1/200 ya sekunde ili picha isitikisike. Kwenye video ukiweka hivyo watu wanacheza kama wanaruka ruka, na taa za ukumbini zinapita mistari myeusi kwenye skrini. Fundi mmoja wa televisheni ndiye alinieleza: umeme wetu ni wa 50 Hz, taa zile zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, mistari inaondoka. Mchana shata ikiwa chini hivyo mwanga unazidi, kwa hiyo utanunua kioo cheusi cha kufunga mbele ya lenzi. Usije ukabana tu tundu la lenzi mpaka mwisho, picha inapoteza ladha.

La tatu ndilo lililonizeesha. Kanisani niliweka kamera kwenye stendi, nikabonyeza kurekodi misa ilipoanza, nikaenda zangu mbele na kamera nyingine kupiga picha. Mahubiri yakawa marefu. Kamera nyingi za picha za enzi ile zinajizima zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu Ulaya kifaa kinachorekodi nusu saa au zaidi kilikuwa kinatozwa ushuru kama kamera ya video, na watengenezaji wakakwepa. Mimi hayo sikuyajua. Nina mahubiri mazuri sana, dakika 29 nzima. Viapo sina.

Nilirudisha nusu ya hela. Mama wa bibi harusi mpaka leo tukikutana sokoni anageukia kwenye nyanya.

Kutoka Mombasa

Assalam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mpiga picha wa kike, kwa hivyo yangu ni tofauti kidogo na yenu.

Kwetu huku siku bibi harusi anapotolewa nje, ukumbi mzima ni wanawake. Buibui zavuliwa, simu zaachwa mlangoni na kuna mama amesimama hapo kuhakikisha. Mwanamume awe bingwa vipi, hapiti. Miaka minne nilikuwa naingia na kamera ya picha pekee, na nilijiona nimetosheka. Siku moja nampelekea mama wa bibi harusi albamu. Ameifungua taratibu, asifia nguo, asifia maua. Kisha aniambia, "Mwanangu, picha yamuonyesha keshafika. Mimi nataka kumuona akija."

Nimelala na neno hilo. Ni kweli, siku ile yote ni ule mwendo wake kutoka mlangoni hadi jukwaani, polepole, vigelegele, harufu ya udi, shangazi wamrushia maua. Picha moja haiubebi.

Nikamfundisha mdogo wangu wa kike, sasa mimi nashika picha na yeye video. Hapa wateja hununua uaminifu kabla ya kuuliza una kamera gani. Nahariri nyumbani, sipeleki dukani. Mama hupewa fleshi moja mkononi, haipiti kwa mtu. Akishaiangalia yote na kuridhika, nafuta kadi mbele yake na yeye hubonyeza mwenyewe. Haiwekwi mtandaoni hata sekunde moja, kwa hivyo matangazo yangu ni midomo ya akina mama, na midomo hiyo inatosha. Kaka zangu, dada zenu mkiwafundisha kazi hii hawatakosa.

Kutoka Dodoma

Mimi niwe mchawi wa uzi huu. Niliongeza, nikajuta, nikaacha.

Watu wanahesabu kamera, hawahesabu usiku. Video ya 4K, ile ya ubora wa juu, kwa kiwango cha kawaida cha megabiti 100 kwa sekunde inakula karibu GB 45 kwa saa. Sendofu ya saa sita kwa kamera mbili, ukirekodi hata nusu yake, fanya hesabu. Laptopu yangu ilikuwa inafungua faili huku napika chai, nakunywa, narudi bado inafikiri. Picha 400 nilikuwa nazimaliza siku mbili. Video moja wiki tatu, na kila jioni shemeji wa bwana harusi anapiga simu: "Bado tu?" Ukikabidhi anakwambia wimbo uliouweka haupendi. Ukibadilisha wimbo, mikato yote inapishana na mdundo, unaanza upya. Ukipandisha na wimbo wa msanii mkubwa mtandao unazima sauti.

Na mikono ni miwili. Keki inakatwa mara moja. Ukiwa na video picha umekosa, ukiwa na picha video umekosa. Anayesema anafanya vyote peke yake ukumbi mzima anawapunja wote wawili.

Sasa nina mwenzangu wa video, jina moja la biashara, risiti moja, namba moja ya simu. Yule mama wa miwani wa Morogoro angeniajiri mimi, mleta mada.

Mleta mada

Hapo kwenye namba moja ya simu umenigusa mkuu. Kumbe kosa langu lilikuwa lile jibu la "nitaongea naye".

Kutoka Arusha

Kwa kifupi. Huku wenye hoteli hawaulizi tena picha za vyumba peke yake, wanataka vipande vya sekunde 15 vya kusimama wima, vya simu. Chumba hicho hicho, mwanga huo huo, siku hiyo hiyo, ankara inaongezeka karibu nusu. Hakuna shangazi, hakuna MC. Ila ukiingia hifadhini kupiga video ya biashara, uliza kibali na ada kabla hujapakia gari, na droni usiirushe kienyeji.

Kutoka Moshi

Nimesoma wote, mmezungumzia kamera, taa na kadi. Mimi niseme sauti.

Mwaka wangu wa kwanza wa video nilipiga sendofu moja. Baba wa binti akasimama kumuaga mwanawe. Mzee mpole, haongei sana, na siku ile maiki ya ukumbi aliikataa, akasema nyumbani kwake hapigi kelele. Nilikuwa kama mita nane, picha safi kabisa, machozi yake unayaona yakishuka pembeni ya pua. Nikategemea maiki ndogo ya kwenye kamera. Sikuvaa hedifoni.

Miezi saba mbele mzee akafariki. Binti akanipigia. "Kaka, ile sehemu baba anaongea, mbona sisikii?"

Nikafungua faili. Sahani. Mtoto analia. Jenereta nyuma ya ukumbi. Na chini kabisa ya vyote hivyo, mzee. Nilikaa na programu ya kusafisha sauti siku mbili, nikapunguza hiki, nikapandisha kile. Nilichokipata ni sentensi moja nusu: "Mwanangu, mlango wangu..." halafu sahani. Nilimtumia kama ilivyo. Akajibu, "Asante kaka, ni yeye."

Tangu siku hiyo, kabla ya hotuba ya wazazi namfuata mzee mwenyewe. "Shikamoo baba, naomba nikuwekee hiki kidude kwenye koti." Maiki ndogo ya kubana kwenye kola, waya unaingia kwenye simu ya kawaida inayorekodi, simu iko mfukoni kwake kwenye hali ya ndege ili isiite. Napiga kofi moja mbele ya kamera, nyumbani naoanisha sauti na picha kwa lile kofi. Kinasa sauti kingine nakichomeka kwenye mikisa ya DJ, ile mashine yake ya kuchanganya sauti. Hedifoni sivui.

Nilitaka kununua lenzi mwaka ule. Sikununua.

Mleta mada

Mkuu wa Moshi, nimesoma yako mara mbili. Baba yangu ana miaka 78, na nikikagua diski zangu nina picha zake labda 300. Sauti yake sina hata dakika moja. Jumapili naenda kijijini na hiyo 5D.

Swali la kizembe: hiyo maiki ya kola inaingia kwenye simu ya tundu la mviringo, au lazima iwe ya tundu la chaji?

Kutoka Moshi

Zipo za aina zote mbili, angalia tundu la simu yako kwanza. Ya kwangu ni ya mviringo, nilinunua mbili na moja imekaa bure, naweza kukutumia. Nikupe namba ya mtu wa basi la Morogoro?