Kalenda ya mawimbi inasema Jumamosi ni siku yangu. Niweke hela ya mchezo?

BajajiNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga, Ngamiani, naendesha bajaji. Tangu mwezi wa tatu natumia programu ya simu inayochora mawimbi matatu kuanzia siku uliyozaliwa: la mwili siku 23, la hisia siku 28, la akili siku 33. Wimbi likiwa juu uko vizuri, likiwa chini tulia, likikata mstari wa katikati usiguse kitu.

Siku ya kwanza yote matatu yalikuwa juu. Nikaweka 5,000 kwenye gurudumu la namba, namba moja tu, nikapata 180,000. Tangu hapo nacheza siku za mawimbi juu peke yake. Kuna siku napata, kuna siku naliwa.

Jumamosi yote yako juu tena, na Ijumaa napokea mchezo, ule wa kuchangiana kwa zamu, laki sita. Mke wangu anajua ni hela ya bati za chumba cha uani. Nawaza niiweke yote. Kuna anayeijua hesabu hii vizuri? Naombeni ukweli.

PachaWaMabawa
Kaka, mimi nina pacha. Siku moja, mama mmoja, tumepishana dakika chache. Mawimbi yetu ni yale yale. Mwaka jana tulibeti siku moja mechi zile zile, yeye akachagua wenyeji, mimi wageni. Mmoja alishinda, mwingine mkeka ulichanika. Wimbi lilikuwa la nani?

Mzee_wa_Odi
Usiogope mkuu, siku yako ikifika imefika. Ila usiweke yote, weka laki mbili.

MwalimuHesabu
Hata hizo laki mbili asiweke. Ndugu, hesabu hii ni ya zamani. Namba 23 na 28 zilishikiliwa na Wilhelm Fliess, daktari wa pua na koo wa Berlin, mwishoni mwa karne ya 19. Ile 33 iliongezwa baadaye, miaka ya 1920. Mwaka 1998 Terence Hines alichapisha mapitio ya tafiti 134 za mawimbi haya, na hakuona ushahidi kwamba yanatabiri chochote.

Halafu angalia kitu kimoja. Mawimbi yote matatu kuwa juu si jambo la nadra, huja kama siku moja katika kila nane au tisa. Kwa mwaka una "siku zako" arobaini hivi. Na hata kama mwili wako ungekuwa na nguvu za simba siku hiyo, gurudumu lina namba 37, sifuri mpaka 36, na ukipatia moja unarudishiwa mara 36 ya dau. Weka elfu moja kwenye kila namba: umetoa 37,000, unapokea 36,000. Pengo hilo lipo Jumamosi, lipo Jumatatu, na tarehe yako ya kuzaliwa haiingii humo.

Swali langu: siku za mawimbi chini uliwahi kucheza? Kama hukucheza, unalinganisha na nini? Fungua miamala ya simu yako, andika kila dau na kila malipo kwenye daftari.

SomoMakorora
Mwanangu, babu yangu alikuwa mtu wa falaki. Alichukua herufi za jina lako na la mama yako, akazijumlisha, akagawa kwa kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota yako. Watu walimjia kwa safari na kwa harusi. Wa kamari alimrudisha mlangoni, alisema haramu haina siku njema.

Kaka yangu alianza na hela ndogo hivyo hivyo. Akauza baiskeli, kisha cherehani ya marehemu mama yetu. Cherehani ile mpaka leo naiona kwa jirani aliyeinunua. Nakuomba kama mama: mwambie mkeo kabla ya Ijumaa.

BajajiNgamiani
Shikamoo Somo. Nimekaa na daftari tangu adhuhuri. Siku 17 nimecheza. Nimetoa 412,000, zimerudi 265,000, na ndani yake ni ile 180,000 ya siku ya kwanza. Maana yake siku 16 zote za mawimbi juu zimenipa 85,000 tu. Nilikuwa naikumbuka ile moja, hizi nyingine hazikukaa kichwani. Na siku za chini sikuwahi kugusa, Mwalimu umenipata.

Mke wangu nimemwambia baada ya magharibi. Amelia, na mimi nimelia. Kijumbe wa mchezo nimemwomba hela ampe yeye mkononi. Fundi anakuja Jumapili asubuhi.

SomoMakorora
Marahaba mwanangu. Bati chukua geji 28, usidanganywe na 30. Huku kwetu chumvi ya bahari inakula bati nyembamba upesi.

BajajiNgamiani
28, Somo. Nimemwambia mke wangu na yeye aandike.