Mrejesho: kivinjari cha laptopu ya dukani

Jamani, mimi ndiye niliyeuliza kivinjari chepesi na salama kwa laptopu kuukuu ya ramu GB 4, hapa Langoni, Lamu. Ahsanteni sana.

Nimebaki na Firefox, nikaweka uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo. Gazeti lililokuwa likifunguka hadi kahawa inapoa, sasa hufunguka kabla sijashika kikombe. Kumbe matangazo ndiyo yaliyokuwa yakinila bando! Nimewasha pia HTTPS pekee, yaani kivinjari kifungue tovuti zenye muunganisho uliofichwa kwa siri tu, kwingine kitoe onyo kwanza. Juzi mteja kaniletea linki ya "zawadi", kivinjari kikagoma: muunganisho si salama. Mteja kanuna kidogo.

Brave, kivinjari kingine, niliijaribu, nyepesi kweli, ila mambo yake ya sarafu za kidijitali yalinichosha.

Na yule aliyesema tatizo ni vichupo (kurasa) 30 ninavyoviacha wazi: haya, nimevifunga.