Chupa ya juisi: ya kijani au nyeupe? Naomba ushauri

MamaUkwaju
Habari zenu wakuu. Natengeneza juisi ya ukwaju na ubuyu hapa Mbagala, sasa nataka kubadilisha muonekano wa chupa. Kijana wa dizaini kanipa chupa ya kijani imevalishwa lebo ya kubana kuanzia shingoni mpaka chini, inavutia kweli, ila dogo anayepitaga mtaani kuokota makopo nilivyomuonyesha sampo akaniambia mama hii hata ukiniwekea pembeni sibebi. Sitaki chupa zangu ndo ziwe zinaziba mitaro kila mvua ikinyesha. Shida ni rangi au lebo? Na kuna mtu anatumia chupa za vioo?

MzeeWaMizani
Dada huyo dogo kakwambia ukweli, shida ni vyote viwili. Mi nanunua makopo kwa kilo. Chupa nyeupe (ile inayoonyesha ndani) ikisagwa zile chenga unazitia rangi yoyote unayotaka, ya kijani itabaki kijani au iende kwenye vitu vyeusi, ndo maana wengi hawaigusi. Hata Sprite kule Marekani chupa ya kijani waliiacha 2022 waende na nyeupe.

Lebo sasa ndo balaa. Chenga zinaoshwa kwenye maji, PET, yaani plastiki ya chupa yenyewe (geuza kitako utaona namba 1 kwenye pembetatu), inazama, vifuniko na lebo za plastiki ya polipropilini zinaelea, unazikusanya juu kirahisi tu. Lebo za kubana nyingine ni PVC, plastiki ya aina nyingine, nayo inazama pamoja na PET, halafu PET inayeyushwa kwenye joto la nyuzi 250 na kitu, PVC pale inaungua inatoa tindikali na madoa meusi, kidogo tu kinaharibu mzigo mzima. Na hata kama siyo PVC, chupa imefunikwa gubigubi anayechambua atajuaje ndani kuna plastiki gani? Chukua nyeupe, lebo ya polipropilini izunguke katikati tu, gundi kidogo pale inapoungana.

AsaliTabora
Vioo natumia mimi dada, napaki asali. Kwa wateja wa hapa hapa mjini nafanya kama chupa za soda, ukiondoka nayo unaacha hela ya chupa, ukirudisha unachukua hela yako, na chupa zinarudi kweli. Ila mzigo ninaotuma Dar hakuna chupa inayorudi, nauli ya kuirudisha inazidi bei yake. Kama maduka yako yote yako Mbagala na una sehemu nzuri ya kuoshea, vioo vinalipa. Halafu je, juisi unajaza ya moto? PET ya kawaida ikifika nyuzi 70 hivi inaanza kulegea na kujikunja, kioo hakina hiyo shida ilimradi ukipashe kwanza.

MamaUkwaju
Asanteni sana jamani. Naipoza kwanza ndo najaza. Basi maduka ya jirani nitaanza na vioo, wanaochukua mbali wapewe nyeupe. Sasa lebo ikiwa ndogo hivyo, tarehe ya kuisha muda niiweke wapi, nichapishe kwenye chupa?

MzeeWaMizani
Usichapishe kwenye chupa dada, wino ukioshwa unachafua maji na chenga zote zinabadilika rangi. Gonga kwenye kifuniko au kwenye lebo.